Dada ananenepa, kaka anakonda: uzito na saratani ya umio

Barua yenyewe, kwa kifupi:

"Shikamoo daktari. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Moshi, nina miaka 43. Baba yetu alifariki kwa saratani ya koo la chakula akiwa na miaka 61. Alikuwa mwembamba maisha yake yote, na mwishoni alibaki mifupa mitupu. Mimi niliolewa nikiwa na kilo 56, sasa nina 84, na urefu wangu ni mita 1.60. Kiungulia kinanisumbua mara mbili tatu kwa wiki, hasa nikichelewa kula usiku, na huu ni mwaka wa nne. Mdogo wangu aliyeko Leicester, Uingereza, kila akipiga simu ananisihi nipungue, kwa sababu huko wanaambiwa unene unaleta saratani ya umio, yaani hilohilo koo la chakula. Mama mkubwa anasema ni uongo: kijijini kwetu ugonjwa huu haujawahi kumpata mnene hata mmoja, na nikijikondesha ndiyo nitakuwa naukaribisha. Nimwamini nani? Halafu kaka yetu mkubwa, ana miaka 52, amepungua vizuri sana tangu Krismasi bila hata mazoezi. Suruali zinamvuka, mkanda ameutoboa matundu mawili mapya kwa msumari. Anasema siku hizi ugali na nyama havimwendi, anakula mtori na uji, na kitu kigumu lazima akisindikize na maji. Je, na mimi nifuate mlo wake?"

Marahaba, dada yangu. Umeuliza juu ya uzito wako na nitakujibu kwa kirefu, lakini sitaanza na wewe. Nitaanza na kaka yako, uliyemtaja mwishoni kana kwamba yeye ndiye mwenye habari njema.

Kaka yako hakuchagua mlo huo. Koo lake ndilo lililomchagulia. Mtu mzima akishindwa ugali na nyama, akahamia mtori, kisha uji, huku anapungua bila kukusudia, anatakiwa aangaliwe ndani ya koo kwa kamera, yaani endoskopi, wiki hii na si mwezi ujao. Sisemi ana saratani. Huenda ni kovu lililoachwa na asidi ya tumbo, au ni ule ugonjwa wa misuli uitwao akalasia, ambapo mlango wa chini wa umio unakataa kulegea chakula kipite, au ni kitu kingine kinachotibika. Lakini kwa umri wake, kwa historia ya baba yenu, na kwa huko mnakoishi, hakuna daktari anayejali atakayemwambia asubiri aone. Nitarudi kwake baadaye na kukueleza la kufanya hatua kwa hatua. Kwa sasa nakuomba uishie hapa, umpigie simu, kisha urudi usome.

Sasa tuje kwa mama mkubwa na mdogo wako. Wote wawili wamesema kweli. Kinachowagombanisha ni kwamba kila mmoja anazungumzia ugonjwa wake, ila magonjwa hayo mawili yanatumia jina moja.

Umio ni bomba la misuli lenye urefu wa sentimita 25 hivi, linaloshusha chakula kutoka kooni hadi tumboni. Kwa ndani limefunikwa na seli bapa zilizopangana tabaka juu ya tabaka, kama zile zilizo ndani ya shavu lako. Saratani ikianzia kwenye seli hizo tunaiita saratani ya seli bapa. Ipo nyingine inayoanzia chini kabisa, karibu na mlango wa tumbo, mahali ambapo seli bapa zimekwisha kubadilika zikafanana na seli za tezi. Hiyo ni adenokasinoma. Mgonjwa wa hii na mgonjwa wa ile wote watakwambia "chakula hakishuki", na jirani atasema wote wamekufa kwa saratani ya koo. Lakini chanzo ni tofauti, na mchango wa uzito wa mwili ni tofauti, karibu unapingana kabisa.

Huku kwetu inayotawala ni ya seli bapa. Upande wa mashariki wa Afrika kuna ukanda unaojulikana kwa ugonjwa huu, unaoanzia Ethiopia, ukapita Kenya, Tanzania na Malawi hadi Eastern Cape kule Afrika Kusini. Ndani ya ukanda huo zaidi ya wagonjwa 9 kati ya 10 wana hiyo ya seli bapa. Na huku hausubiri uzee. Hospitali ya Tenwek, Bomet nchini Kenya, ilichapisha taarifa ya wagonjwa 109 waliogundulika kati ya 1996 na 2009 wakiwa na miaka 30 au chini yake, na mdogo kuliko wote alikuwa na miaka 14. Mimi nimesoma taarifa nyingi za kitabibu, na namba hiyo ya 14 bado inaniuma.

Uingereza, anakoishi mdogo wako, mambo yamegeuka. Zamani hata wao seli bapa ndiyo iliyoongoza, lakini tangu miaka ya 1970 adenokasinoma imepanda katika nchi za Magharibi, na leo Uingereza ni miongoni mwa nchi zinazoongoza duniani kwa saratani hiyo. Kwa hiyo daktari wa Leicester akimwambia mama mwenye kiungulia apunguze uzito kwa ajili ya umio wake, anazungumza juu ya kile anachokiona kila siku. Naye mama mkubwa wako, ambaye pengine amewazika watano au sita wa ukoo, wote wakiwa wamekonda, anazungumza juu ya kile alichokiona kwa macho yake.

Namba zinawaunga mkono wote wawili. Mwaka 2008 jarida la Lancet lilichapisha uchambuzi uliokusanya tafiti nyingi za nchi mbalimbali kuhusu unene na saratani. Kipimo kilikuwa uwiano wa uzito na urefu, ambao hata wewe unaweza kuupata kwa kalamu na karatasi: chukua kilo zako, gawanya kwa urefu wako uliozidishwa kwa urefu huohuo. Wewe ni 84 kugawanya kwa 2.56, unapata karibu 33. Siku ya harusi ulikuwa karibu 22. Kawaida ni kati ya 18.5 na 25, kuanzia 25 uzito umezidi, na kuanzia 30 tunauita unene wa kupindukia. Uchambuzi ule ulionyesha kwamba uwiano ukipanda kwa 5, hatari ya adenokasinoma inapanda kwa asilimia 50 hivi, kwa wanaume na wanawake. Lakini kwa saratani ya seli bapa mshale ulielekea chini: watu wenye uwiano mkubwa zaidi kwa 5 walikuwa na hatari pungufu kwa karibu asilimia 30 kwa wanaume, na zaidi ya asilimia 40 kwa wanawake.

Nakuona ukimtumia mama mkubwa ujumbe kwamba ameshinda. Subiri kwanza.

Ukihesabu watu wanaotembelea magongo utakuta wengi wao wamevunjika miguu, lakini hakuna atakayesema magongo ndiyo yaliyowavunja. Ndivyo ilivyo kwa wembamba na saratani ya seli bapa. Sehemu ya wembamba huo imeletwa na ugonjwa wenyewe. Saratani ya umio inamla mtu kabla hajaijua, kwa sababu chakula kinapungua kidogo kidogo na uvimbe nao unatumia akiba ya mwili. Ukimpima mgonjwa siku anapofika hospitali, umempima akiwa tayari amekonda. Watafiti wanalijua hilo, ndiyo maana tafiti nzuri huwapima watu wakiwa wazima na kuwafuatilia miaka mingi, na hata hapo tofauti hupungua lakini haifutiki yote.

Kinachobaki kinatokana kwa kiasi kikubwa na maisha ya mtu mwembamba, si na wembamba wake. Mvutaji wa sigara kwa kawaida ni mwembamba kuliko asiyevuta, na sigara ni mojawapo ya vyanzo vikuu vya saratani ya seli bapa. Anayekunywa pombe kali kila siku mara nyingi hali vizuri. Anayeishi kwa ugali na chai bila matunda wala mboga za kutosha anakosa vitamini na madini ambayo ngozi ya umio inayahitaji ili ijirekebishe. Umesema baba alikuwa mwembamba maisha yake yote. Ningependa kujua pia alivuta nini, alikunywa nini, na chai yake aliinywa ya moto kiasi gani.

Hilo la chai silisemi kwa kupita tu. Watafiti walikwenda hukohuko kwenu Kilimanjaro, wakapima kwa kipimajoto chai ya watu 188 pale wanapopiga funda la kwanza. Wastani ulikuwa nyuzi joto 70.6. Mwaka 2016 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lenye makao yake Lyon, Ufaransa, liliweka vinywaji vya moto wa zaidi ya nyuzi 65 kwenye kundi la vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani kwa binadamu. Na jambo moja lilinigusa, maana ndiyo chai niliyokulia: wanaokunywa chai ya maziwa waliianza ikiwa ya moto zaidi kwa karibu nyuzi 2 kuliko wa chai ya rangi, hasa kwa sababu chai ya rangi inapoa haraka kuliko ya maziwa. Kikombe kile kizito chenye utando juu, kinachokaribisha mgeni, kinahifadhi moto wake. Wazee waliokuwa wakimimina chai kwenye kisosi kabla ya kuinywa walikuwa wanalinda umio wao bila kujua. Dakika tano za kungoja zinatosha, na hazigharimu kitu.

Kwa hiyo mama mkubwa ameona sawasawa, ila hitimisho lake ndilo lenye kasoro. Unene haukingi umio. Mtu mnene anayevuta sigara na kunywa gongo anaipata saratani ya seli bapa, na wengine wamepita mikononi mwangu. Na wewe ukipungua kwa kula vizuri na kutembea, huingii kwenye hatari iliyompata baba yako, maana hatari ile haikukaa kwenye mizani.

Tuhamie upande wa mdogo wako sasa, kwa sababu huko ndiko uzito wako unakohusika.

Mwaka 2016 shirika hilohilo la Lyon lilipitia ushahidi wote na kutaja saratani 13 ambazo kuepuka unene kunapunguza hatari yake. Adenokasinoma ya umio ni mojawapo. Kwa mtu mwenye uwiano wa 40 au zaidi, hatari ilikuwa karibu mara 5 ya mtu wa uzito wa kawaida. Njia inayopitia inaeleweka vizuri. Mafuta yanayokaa ndani ya tumbo, yaliyofunga matumbo na ini, yanalisukuma tumbo la chakula kwenda juu. Mlango ulioko kati ya umio na tumbo unalegea, wakati mwingine sehemu ya tumbo inapanda kabisa na kuingia kifuani kupitia kwenye kiwambo, ule msuli unaotenganisha kifua na tumbo. Asidi inapanda, nawe unaisikia ikichoma nyuma ya mfupa wa kifua na kukuletea uchachu mdomoni. Hicho ndicho kiungulia chako. Mafuta hayo pia yanamwaga homoni na kemikali za uvimbe kwenye damu, kiwango cha insulini kinapanda, na seli zinapewa amri ya kugawanyika wakati zinatakiwa kutulia.

Asidi ikipanda mwaka baada ya mwaka, kwa watu wachache ngozi ya umio inajibadilisha. Nikipitisha kamera, umio wenye afya una rangi ya waridi iliyopauka, laini na yenye kung'aa. Uliobadilika una ndimi nyekundu, rangi ya nyama mbichi, zinazopanda kutoka mlango wa tumbo kama moto unaolamba ukuta. Hali hiyo inaitwa umio wa Barrett, kwa jina la daktari wa upasuaji wa London, Norman Barrett, aliyeandika juu yake mwaka 1950. Yenyewe si saratani. Kwa wengi inakaa hivyohivyo hadi mwisho wa maisha, na kila mwaka ni watu wachache tu kwa kila elfu moja wanaovuka na kupata adenokasinoma. Lakini adenokasinoma nyingi hupitia mlango huo.

Utafiti wa Sweden uliochapishwa mwaka 1999 ulionyesha kwamba wenye kiungulia cha mara kwa mara walikuwa na hatari ya adenokasinoma karibu mara 8 ya wasio nacho. Waliokuwa nacho kwa ukali na kwa miaka mingi, zaidi ya mara 40. Usishtuke. Mara 8 ya kitu kidogo sana bado ni kitu kidogo. Adenokasinoma ya umio ni nadra kwa wanawake, hata huko Ulaya wanaume wanaipata mara kadhaa zaidi, na kwetu ni nadra kwa wote. Kati ya wanawake 1,000 wa umri wako wenye kiungulia kama chako, wengi mno watazeeka nacho bila kupata saratani hii. Mimi sitaki upungue kwa sababu ya hofu, kwani aliyepungua kwa hofu hurudisha kilo zote hofu ikiisha.

Nataka upungue kwa sababu kiungulia chako kinaweza kuondoka. Hapa kuna utafiti mmoja ninaoupenda, kwa vile hauulizi mtu ana uzito gani tu, unauliza uzito umesogea kwenda wapi. Uliwafuatilia wauguzi wanawake zaidi ya 10,000 wa Marekani, ukachapishwa mwaka 2006. Wanawake ambao bado walikuwa na uzito wa kawaida, lakini uwiano wao ulikuwa umepanda kwa zaidi ya 3.5, walikuwa na uwezekano wa karibu mara 3 wa kuwa na kiungulia cha mara kwa mara kuliko wale ambao uzito wao haukubadilika. Angalia hapo: hawakuwa wanene bado, walikuwa wanaelekea. Na wale walioshusha uwiano wao kwa kiasi hichohicho, kiungulia kilipungua kwa karibu asilimia 40.

Kwa urefu wako, 3.5 ni kilo 9. Hilo ndilo lengo lako la kwanza, kutoka 84 hadi 75. Usiwaze kabisa kurudi 56 ya siku ya harusi. Umezaa mara tatu, mwili wa miaka 43 si wa 25, na anayejiwekea lengo lisilofikika huacha kabla ya kufika nusu. Ukipunguza nusu kilo kwa wiki, ndani ya miezi minne au mitano umefika.

Na zaidi ya mizani, tumia kamba ya fundi cherehani. Wanawake wawili wenye kilo 84 hawalingani: mmoja uzito wake uko kwenye mapaja na makalio, mwingine uko tumboni, na ni huyu wa pili ambaye asidi inamsumbua. Pima kiuno usawa wa kitovu, ukiwa umetoa pumzi. Kwa mwanamke, kuanzia sentimita 88 kitambi kimeshakuwa tatizo la afya. Kama huna kamba, chukua kanga uliyoivaa ukiwa bi harusi, uizungushe kiunoni, utaona ncha zinapishana kidogo kiasi gani. Kila mwezi izungushe tena.

Sitakuandikia orodha ya vyakula, unavijua kuliko mimi. Nitakutajia matatu tu ninayoyaona kwa akina mama wengi wa umri wako. La kwanza ni sukari ya kwenye chai: vijiko vitatu kwa kikombe, vikombe vinne kwa siku, ni vijiko 12, takribani gramu 50 hadi 60 za sukari kila siku kabla hujagusa soda. La pili ni chakula cha usiku. Umesema mwenyewe kiungulia kinakuja ukichelewa kula. Kula saa moja jioni, ulale saa nne, ili tumbo liwe limeshamaliza kazi yake. Weka tofali moja chini ya kila mguu wa kitanda upande wa kichwa, na ulalie ubavu wa kushoto. La tatu ni kutembea, na kwa mji kama Moshi, wenye vilima na hewa nzuri asubuhi, nusu saa kila siku si adhabu.

Dawa za kupunguza asidi kama omeprazoli zinasaidia, nusu saa kabla ya chakula, kwa wiki chache ukiwa chini ya daktari. Usizifanye pipi za kununua dukani mwaka hadi mwaka. Kwa kuwa kiungulia chako kina miaka minne, na baba aliugua umio, ningependa ufanyiwe endoskopi mara moja uwe na amani, utakapopata nafasi na fedha. Si dharura. Inakuwa dharura siku chakula kitakapoanza kukwama, au ukitapika damu, au choo kikiwa cheusi kama lami, au ukaanza kupungua kabla hujaanza kujinyima.

Hilo la mwisho linanirudisha kwa kaka yako.

Kupungua kwa kukusudia na kupungua kusikokusudiwa ni vitu viwili ambavyo kwa macho ya jirani vinafanana kabisa. Ukikutana na mtu ukamwambia "umependeza, umepungua", hujui umempongeza kwa kipi. Nilimpokea mwalimu mmoja mstaafu ambaye kwa miezi mitano kila mtu pale kanisani kwake alimsifu kwa kupunguza kitambi, naye akafurahi. Kwenye kituo kimoja cha afya alipewa dawa za vidonda vya tumbo mara tatu mfululizo, bila yeyote kumuuliza kama ugali unashuka. Alipofika kwangu alikuwa anatema hata mate. Uvimbe ulikuwa umeziba njia yote. Tungempata katika mwezi wa kwanza tungekuwa na mazungumzo ya namna nyingine kabisa.

Ujue kwa nini ugonjwa huu unajificha. Umio unatanuka. Unaweza kupoteza nusu ya upana wake na bado mtu akala, ilimradi atafune zaidi na anywe maji. Chakula kigumu kinaanza kugoma pale njia inapobakia milimita 13 hivi, upana wa ncha ya kidole kidogo. Kwa hiyo siku nyama inapokwama kwa mara ya kwanza, tatizo si la siku hiyo. Na watu hawasemi "nashindwa kumeza". Wanabadilisha vyakula kimyakimya. Wanaacha nyama na kusema imepanda bei, wanaacha ugali na kusema unawajaza gesi, wanakuwa wa mwisho kuondoka mezani. Mpishi wa nyumbani anajua kabla ya daktari.

Fanya hivi. Mchukue kaka yako mwende hospitali yenye endoskopi, na kwa bahati nzuri hamko mbali na KCMC, hospitali ya rufaa ya hapo Moshi. Mkianzia kituo cha chini kupata rufaa, asiseme "nina tumbo". Aseme maneno haya: "Chakula kigumu hakishuki tangu Krismasi, nimepungua bila kutaka, na baba yangu alikufa kwa saratani ya umio." Sentensi hiyo moja inafungua milango. Akipewa dawa za vidonda bila kipimo, wewe uliyeko naye ndiye wa kuomba rufaa, kwa adabu, na usiondoke bila karatasi yake.

Kipimo chenyewe kisimtishe. Hatakula kuanzia usiku. Atapuliziwa dawa ya ganzi kooni, pengine na sindano ya kumtuliza, kisha mpira mwembamba kama kidole kidogo unapitishwa mdomoni. Dakika 10 hadi 15 inatosha. Daktari akiona kitu atachukua vinyama vidogo sana vya kupeleka maabara, na kuvitoa hakuumi. Majibu ya vinyama ndiyo yanayosema ni seli bapa, ni adenokasinoma, ni kovu au ni kingine. Pasipo kamera, picha ya eksirei baada ya kumeza bariamu, maji meupe yanayoonekana kwenye picha hiyo, inaweza kuonyesha mahali palipobana, lakini hiyo haitoi kinyama, kwa hiyo isiwe mwisho wa safari.

Ikiwa ni saratani na imewahiwa, kuna upasuaji, kuna mionzi na dawa za kuua seli za saratani, yaani kemo, na mara nyingi mchanganyiko wake. Ikiwa imeenea, bado kuna la kufanya: mrija wa waya unaotanuka huwekwa ndani ya umio na mtu akarudi kula pamoja na wanawe. Tenwek wameweka mirija hiyo kwa miaka mingi na wagonjwa wengi wamepata nafuu ya kumeza. Chochote kitakachokuwa, asiendelee kukonda wakati anasubiri, kwa sababu mwili uliokwisha hauvumilii upasuaji wala kemo. Mpikieni uji wa lishe mzito wenye karanga na maziwa, mayai laini, parachichi lililopondwa, mtori wenye nyama iliyosagwa, kidogo kidogo mara sita kwa siku. Vyote viwe vuguvugu. Na kama anavuta sigara, aiache leo.

Daktari atamuuliza amepungua kilo ngapi, na naona katika barua yako hakuna mizani iliyotajwa. Kama yupo aliyempima mwaka jana, hata kwenye duka la dawa, leteni kilo zile: kupoteza kilo 5 kwa kila 100 ndani ya miezi 6 hadi 12 bila kukusudia kunatosha kumfanya daktari atafute sababu, na kwa mtu wa kilo 70 hiyo ni kilo 3 na nusu tu. Kama hakuna, mwambie avae ule mkanda. Pima kwa rula kutoka tundu alilokuwa akifungia kabla ya Krismasi hadi tundu analofungia leo, uandike sentimita hizo kwenye karatasi, pamoja na tarehe nyama ilipokwama mara ya kwanza na tarehe alipoacha ugali. Karatasi hiyo mpe daktari mkononi. Kisha niandikie, unieleze walichokikuta.